Kundi la Wazima

3 Machi

Binti yangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu, goti lake limetulia.

Watu wa maabara yenu walifika sokoni kutafuta damu. Wanasema ipo alama fulani katika damu inayoonyesha saratani kabla haijamlaza mtu. Walinihoji, wakanichoma sindano, wakaniandika kundi la wazima. Kinyozi jirani walimkataa kwa sababu ya kisukari chake. Tangu siku hiyo namwita Marehemu, naye hanisemeshi.

Baba yako, fundi viatu

19 Machi

Shikamoo baba,

Sijambo, kazi tu imenibana. Nimecheka peke yangu hadi mwenzangu akauliza kulikoni. Mwache kinyozi wa watu. Damu yako iko kwenye friji letu la kugandisha. Ukigusa chuma chake kwa mkono mtupu, ngozi inabaki huko. Nitakulindia.

Binti yako

8 Oktoba

Binti yangu,

Hatujambo kiasi. Umekaa kimya, au ndiyo umekuwa mkubwa? Tumbo linanisumbua tangu mvua zianze, na chakula kinanikinaisha. Mkanda nimeuongeza matundu mawili. Faida ya kuwa fundi. Mama yako ananisukuma hospitali asubuhi na jioni. Nimemwambia damu yangu iko kwa wataalamu, na mlinzi wake ni mwanangu. Wangeona kitu wasingenyamaza. Mzima aliyeandikwa na maabara aende hospitali kutafuta nini?

Baba yako

15 Oktoba

Baba, shikamoo.

Nenda hospitali leo, usimalize hata kiatu ulichoshika. Damu yako haijapimwa na mtu yeyote. "Wazima" ni jina tu tunalowapa waliosema hawaumwi. Wewe ndiye uliyewaambia huumwi, wao wakaandika. Damu zenu tunazigandisha tu, tunangoja. Nakuomba, msikilize mama.

Binti yako

27 Januari

Binti yangu,

Niko wodini, mimi nasema, mama yako anaandika. Salamu zako zilifika. Daktari wa upasuaji alinifungua, akatazama, akanishona. Saratani imeshaingia hadi kwenye ini. Amesema ningekuja mapema mwaka jana, tungekuwa tunazungumza mengine.

Jana wenzako wa maabara walikuja. Walifurahi kuniona, hawakuweza kuficha. Waliotoa damu kabla ya kuugua ni wachache, kwa hiyo mimi ni wa thamani. Nimewapa nyingine, na ruhusa ya wewe kuambiwa majibu yangu.

Uliandika mnangoja. Mlikuwa mnangoja nini? Na ile damu ya Machi, ilikuwa inajua?

Baba yako

11 Februari

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali. Mama ameniambia.

Tulikuwa tunangoja baadhi yenu muugue. Mtu akiugua, ndipo damu yake ya zamani inatolewa kwenye friji, tutafute alama ilianza lini. Bila hivyo hatujui tunatafuta nini. Ndivyo kazi hii inavyofanywa.

Yako ya Machi tumeipima Jumanne. Alama ilikuwamo. Ilikuwa kidogo, lakini kila tuliporudia mashine iliiona. Mkuu wa maabara alitupigia makofi, nami nilikuwa nimeshika kichupa cha damu yako mkononi.

Binti yako