Mstari Mweupe Usoni mwa Bibi

Tillery Fork, Alabama
4 Februari 2019

Kwako mjukuu wangu Keturah,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi sijambo. Goti la kulia linalia kila mvua ikikaribia, na huku mvua haikatiki, kwa hiyo goti halinyamazi. Wewe je, na hiyo baridi ya Chicago? Unakula?

Picha imefika. Nimeiegemeza juu ya kabati la vyombo, nikaitazama huku nikichambua mboga. Umenichonga na kofia yangu ya Pasaka, na jicho umelipata barabara: ndilo ninalowatolea watoto wakikimbia kanisani. Ila nina maneno mawili. Kwanza, doa langu la kuzaliwa liko shavu la kushoto, wewe umelihamishia kulia. Ina maana umeshausahau uso wangu? Pili, hapo chini kwa penseli pameandikwa 3/30. Ni mwalimu gani huyo aliyekupa tatu kwa thelathini? Nipe anwani yake. Mtoto achonge ubao mpaka vidole vijae plasta, halafu apewe tatu! Nilimwonyesha Mchungaji Lavelle, naye akasikitika sana.

Usiniambie nikupigie simu. Simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha.

Na mwiko wangu ulioondoka nao Krismasi, usidhani sijaona.

Bibi yako,
Ozella


Chicago
11 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ninakula, pole na goti. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hakuna mwalimu, Bibi. Nambari ile maana yake nimechapa picha thelathini kutoka kwenye ubao mmoja, na yako ni ya tatu. Nyingine zitatundikwa mwezi ujao kwenye ukumbi wa sanaa wa Bi. Rosalind. Ni maonyesho yangu ya kwanza, na wewe ndiye utakayekaa ukutani mbele ya mlango. Picha nimeiita "Mwenyekiti wa Kamati ya Makaburi", maana ndivyo ulivyo na hakuna anayethubutu kukupinga.

Doa ni kosa langu. Unachokichonga kushoto, kwenye karatasi hutokea kulia. Nililikumbuka nilipoinua karatasi ya kwanza. Nikaliacha, kwa sababu huyo ndiye unayemwona kwenye kioo kila siku.

Mwiko ndio uliokuchapa. Unapaka ubao wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake, kisha unasugua mgongo wa karatasi kwa mwiko, taratibu, kama unavyokoroga uji wa mahindi usishike madonge. Nimejaribu miiko mingine. Haifai.

Mjukuu wako mwizi,
Keturah


Tillery Fork
20 Februari

Ketu wangu,

Marahaba. Mchungaji anakuomba radhi kwa kusikitika.

Sasa kaa chini. Kaunti inataka kulipanua lile dampo. Wanataka livuke barabara lije mpaka kwenye uzio wa makaburi yetu ya Mlima Nebo. Unajua babu yako Roscoe amelala safu ya mwisho, karibu kabisa na uzio. Tangu walete lile la kwanza hatuanui nguo zisizonuka, na sasa wanataka kumwagia takataka hata marehemu. Bwana Speight wa halmashauri alisimama dukani, mimi nikiwa nyuma yake na mfuko wa unga, akamwambia mwenye duka, "Pale hakuna tatizo. Pale hakai mtu."

Nilimgusa bega. Nikamwuliza, "Na mimi nakaa wapi, Bwana Speight? Mtini?" Akacheka kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha mbwa mbele za watu.

Kikao ni tarehe 9 Aprili. Nataka uso huu ulionichonga uwe kwenye kila geti, kuanzia darajani mpaka kanisani. Nichapie mia.

Bibi yako,
Ozella


Chicago
27 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Tangu barua yako ifike sina raha. Namwona Babu na yale mabuti yake, na dampo mlangoni mwake.

Lakini mia siwezi, Bibi. Niliahidi thelathini tu, nikatia sahihi. Watu wameshaziagiza kwa kuamini kwamba hakutakuwa na nyingine, na katika kazi hii neno lako kuhusu idadi ndilo jina lako. Maonyesho yakifunguliwa, ni lazima nichukue patasi mbele ya Bi. Rosalind nikate mstari katikati ya ubao, ubao uharibike. Kisha tunachapa karatasi moja kuonyesha kwamba umekatwa kweli. Ndiyo desturi.

Naweza kukuandikia mabango ya maneno makubwa, mengi utakavyo. Nikuandikie?

Wako,
Keturah


Tillery Fork
6 Machi

Keturah,

Barua imefika. Maneno Bwana Speight ameshayasoma mengi. Uso ndio hajauona.

Lakini ahadi ni deni. Nimeelewa. Huku ni wazima.

Ozella


Chicago
17 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena, maana ile ya mwisho hukuiitikia. Goti linaendeleaje? Hata mwiko hukuuulizia. Hapo ndipo nilipojua umeumia.

Maonyesho yamefunguliwa. Watu walisimama mbele yako, Bibi. Mzee mmoja aliyezaliwa Selma alivua kofia. Msichana mmoja aliniuliza kama wewe ni mtu wa kweli, nikamwambia nenda umsikie akiongoza wimbo. Ilibidi nifurahi, na nilifurahi, lakini kila mara nilikuwa nakiwaza kile kikao.

Juzi ilikuwa siku ya kuukata ubao. Bi. Rosalind alisimama pembeni. Nilishika patasi nikaiweka kwenye paji la uso wako, mkono ukakataa. Nikalia pale pale mbele yake, mtu mzima. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nakuomba unisaidie. Sitaki kukukata jicho. Niambie nikukate wapi.

Nakupenda sana.
Keturah


Tillery Fork
21 Machi

Ketu wangu,

Marahaba, marahaba. Nilinuna, nimemaliza. Kununa kwenyewe kulinichosha, maana hapakuwa na mtu wa kuninunia humu ndani isipokuwa paka.

Usilie kwa ajili ya ubao. Mimi nimekatwa mara tatu hospitalini na bado nakaanga samaki Ijumaa. Anzia juu ya jicho la kushoto, shuka ukate pua, utokee kidevuni upande wa pili. Pua kata bila huruma, uliichonga kubwa kupita kiasi. Macho uniachie, nina kazi nayo tarehe tisa. Mdomo ukwepe kama unaweza.

Sasa nieleze kitu. Umesema mkishakata mnachapa karatasi moja. Kwa nini moja? Nani aliyesema moja?

Bibi yako,
Ozella


Chicago
29 Machi

Bibi!

Shikamoo! Nilimsomea Bi. Rosalind lile swali lako. Alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Thelathini zilizoahidiwa ni za ubao mzima. Hizi zitakuwa na mkato, mtu yeyote ataona. Na hakuna aliyewahi kuniambia ni ngapi." Kisha akaanza kucheka, akasema na yeye anataka moja. Hata hivyo nilimwomba awaulize wale waliokwisha kuchukua zao. Hakuna aliyekataa. Yule mzee wa Selma ameuliza kama anaweza kuja kutusaidia kusugua.

Nimekukata, Bibi. Palepale uliposema, na mdomo nimeukwepa. Palipokatwa wino haushiki, kwa hiyo mstari umetoka mweupe, unapita juu ya uso wako mweusi mpaka kidevuni. Niliogopa utaonekana umeshindwa. Wala. Unaonekana mtu aliyefutwa akakataa kufutika.

Tumechapa mpaka karatasi zikaisha. Ziko kwenye hili sanduku, hazina nambari hata moja. Mwiko pia umo. Samahani kwa rangi yake.

Mjukuu wako,
Keturah


Tillery Fork
10 Aprili

Ketu wangu, mtoto wa mwanangu,

Marahaba. Uko salama? Mimi goti limevimba kwa kusimama, ila sijali.

Tulizipigilia zote. Kuanzia darajani mpaka kanisani ni mimi, mimi, mimi, mpaka nikaanza kujichoka. Mtu wa posta alisema anaogopa kuchelewesha barua.

Jana kikaoni Bwana Speight hakungoja watu waingie. Akasema, "Tusitishwe na picha. Ni bibi mmoja tu amejibandika kila mahali. Pale hawakai watu wa kuhesabika." Hakujua kwamba huko nje, tulikokuwa tukimsikia, jirani yangu Earline Boykin alikuwa na bakuli la unga, na watu wamepanga foleni. Kila mmoja alichovya kidole akajichora mstari, kutoka juu ya jicho, ukapita puani, mpaka kidevuni. Mlango ulipofunguliwa wakaingia. Wakaingia, Ketu! Wanakwaya, wavulana wa gereji, wale wasioongea na Earline tangu ugomvi wa keki, mashemasi na suti zao. Viti vikajaa, wakasimama kuzunguka kuta. Bwana Speight alinitafuta kwa macho asiweze kunipata, maana kila alipotazama nilikuwapo.

Wakapiga kura. Mikono miwili kwa mitatu, dampo limekataliwa. Watarudi, nawajua. Sisi pia tupo.

Nilikwenda kwa babu yako kabla ya kunawa. Nikakaa kwenye nyasi nikamweleza yote, nikalia kidogo, si kwa huzuni. Halafu nyumbani, nilipoitazama picha ya getini, nikaona kwamba mstari wangu ulikuwa upande usio wake. Nilijichora nikitazama kioo! Sasa najua taabu yako, na lile doa nimekusamehe.

Mwiko sitauosha. Umeshapata kazi nyingine, nitakurudishia, mimi nitanunua wa kwangu.

Picha hiyo ya kwenye geti langu ilikuwa tupu hapo chini, haina kitu. Basi asubuhi nimetoka na penseli, nikakuandikia maksi zako mwenyewe: 30/30.

Bibi yako,
Ozella