Nairobi Haitujui Tena

Jumatano, Mei 1999. Mvua ya leo ilianza saa saba na bado inanyesha.

Shajara yangu, leo sina hali. Tangu Jumapili mvua haijatupumzisha, na leo ilikuja na mawe, yale yanayopasua majani ya chai na kuwaacha watu wameshika vichwa. Barabara ya kuteremkia Longisa imekatika pale kwenye daraja la mbao, na mto umejaa. Huko chini nguzo za simu zimelala matopeni. Hapa kilimani hakuna anayetoka wala anayeingia.

Mimi nataka kutoka. Na si leo tu.

Wacha nieleze vizuri, ili nikisoma haya baadaye nisije nikajidanganya. Mimi ni karani wa zahanati hii ya kanisa. Naandika kadi za wagonjwa, napanga faili, na kwa miaka miwili sasa natunza kompyuta ndogo ya kukunja ambayo wafadhili walituletea pamoja na redio. Waya wa simu haujawahi kufika huku. Kompyuta imeunganishwa na kisanduku cha modemu, modemu na redio, na redio na eriali iliyotandazwa kati ya mikaratusi miwili. Ukituma barua pepe, redio inalia kama kuku anayekabwa, na barua inapita hewani mpaka ofisi ya kanisa Nairobi. Kutoka hapo inakwenda kokote. Wagonjwa wakiona husema ni uchawi, nami huwaambia ni masafa tu.

Wiki iliyopita virusi viliingia na diski ya mgeni fulani, kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe. Sista Rebecca, muuguzi wetu mkuu, alitaka tungoje fundi kutoka Nairobi. Nikamwambia fundi wa nini na mimi nipo. Jumapili baada ya ibada nilifuta kila kitu, nikaweka mfumo upya, diski baada ya diski, na mwishowe programu ya redio. Ikawaka safi kabisa. Nilijipigia makofi kimoyomoyo.

Tangu hapo haijashika Nairobi hata mara moja.

Redio inaita, Nairobi inaitika, zinasalimiana kwa kelele zao, halafu kwenye kioo panatokea maneno yale yale: muunganisho umekataliwa. Jumatatu nilibadilisha waya wa modemu. Jana nilipunguza mwendo wake, nikaupandisha, kisha nikapanda ngazi kupangusa eriali kwa kitambaa huku Sista akinishikia chini na kunung'unika. Nimeifuata karatasi aliyotuachia yule fundi wa kwanza, namba kwa namba. Jana alasiri nilifuta mfumo mzima mara ya pili. Na kwa mawingu haya sola inatupa saa mbili tu za betri kwa siku, kwa hiyo muda mwingi nimekaa tu nikitazama kioo cheusi.

Sasa nikwambie kwa nini nahangaika hivi, maana si kwa ajili ya ripoti ya mwezi.

Mwezi wa pili niliomba nafasi ya kusomea kazi ya maabara, miaka miwili, Nairobi. Sikumwambia mtu ila mume wangu, ambaye anaendesha lori la majani chai huko Litein na huja nyumbani Jumamosi. Ijumaa iliyopita jibu lilikuja. Nimechukuliwa. Nithibitishe kabla ya Alhamisi saa sita mchana, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Ningejibu siku ile ile, lakini nilitaka kwanza kuongea na mume wangu. Akanikubalia, na tukapanga mzee, baba yake, aambiwe baadaye. Nilipogeukia kompyuta, ilikuwa imeshaanza kuzimika.

Alhamisi ni kesho.

Utasema, si kuna redio ya sauti? Ipo. Saa nne na saa tisa tunaongea na Nairobi kwa maiki, na ningeweza kumwomba opereta aniandikie kwamba nimekubali. Lakini spika iko dirishani, dirisha linatazama veranda, na verandani ndipo wagonjwa wanapongojea. Tena vituo vyote vya kanisa husikiliza saa hizo, maana hilo ndilo gazeti letu. Nikisema saa tisa, saa kumi kila jiko kutoka hapa mpaka Bomet litakuwa linajua.

Na Kugo angejulia huko huko, pamoja na watu wote.

Kugo ni baba mkwe wangu. Kwa Kipsigis ni babu. Watoto wangu wanamwita hivyo, nami nikafuata, kwa sababu kwetu mke hataji jina la baba ya mumewe. Hakuna mahali imeandikwa, ila ulimi wenyewe hukataa. Miaka tisa ya ndoa sijalitamka, hata nikiwa peke yangu shambani, na hapa pia sitaliandika. Shamba la zahanati hii ni yeye aliyelitoa. Mama mkwe alipofariki mwaka jana, siku ya mazishi, alinipa funguo za nyumba mbele ya watu akasema, "Hii nyumba sasa ni yako, Bot Chebet." Ndivyo anavyoniita, mama Chebet. Watu walilia, nami nililia. Nilifurahi kweli kweli, na papo hapo nikahisi mlango umefungwa nami niko ndani.

Nani atampikia? Nani atampimia dawa yake ya presha? Maswali haya nimeyageuza kichwani mpaka yamechakaa.

Na acha nikiri jambo lingine. Jana maneno ya kukataliwa yalipotokea mara ya kumi au ya kumi na moja, kuna sehemu yangu ilipumua. Kompyuta ikikataa, si mimi niliyeamua. Niliona aibu kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

Leo saa tisa nilimeza kiburi nikamuuliza opereta. Ningemuuliza tangu Jumatatu, lakini karani aliyekataa fundi angeanzia wapi? Verandani watu walikuwa wamejaa wakingoja mvua ipungue, Kugo akiwa mbele kabisa kwenye benchi, amekuja kuchukua vidonge vyake.

"Mashine yangu haina shida," sauti ya opereta ikatoka dirishani. "Lakini kuna mtu siku tatu hizi anaipigia anajiita Kugo. Mimi sina kituo kinaitwa Kugo. Nilidhani ni watoto wanacheza. Ni wewe? Ova."

Verandani watu wakacheka.

Nikaichukua karatasi ya fundi. Juu kabisa, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, kuna jina la kituo. Vituo vya kanisa letu huitwa kwa jina la mtu aliyetoa shamba. Siku tatu nimesoma karatasi ile kuanzia mstari wa pili. Macho yaliruka pale yenyewe, jinsi yanavyoruka kila siku, na programu ilipouliza sisi ni nani, vidole viliandika tunavyomwita nyumbani. Hata sikumbuki kuandika. Na nilipofuta mfumo mara ya pili, niliandika vile vile tena. Nimelaumu waya, nimelaumu mvua, nimepanda ngazi na rinda langu, kumbe kosa ni heshima yangu.

"Badilisha jina tu, halafu utume," opereta akasema. Kwake hilo ni neno kama maneno mengine.

Nikafungua mahali pa jina, nikafuta Kugo. Kimstari kikawa kinawaka na kuzima, kikiningoja. Nilijiambia kuandika si kutamka. Nilijiambia mimi ni mtu wa kanisa, tena nimesoma mpaka kidato cha nne. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na hakikushuka. Sista alikuwa chumba cha pili na mama anayejifungua, singeweza kumwita. Taa ya betri ilikuwa imeshageuka nyekundu. Utanicheka, lakini nilitaka kulia.

Nikasikia fimbo yake sakafuni.

"Bot Chebet, hiyo mashini inaniita ya nini?"

Nilimweleza bila kumtazama. Kwamba Nairobi inataka jina la kituo, na jina la kituo ni lile ambalo mimi siwezi. Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi.

"Kumbe hata Nairobi unaniheshimu," akasema. "Sogea nikae."

Akakaa kwenye kiti changu na koti lake linalochuruzika maji. Kugo alijifunza kusoma katika darasa la ngumbaru akiwa na watoto wakubwa, na hakuna kitu anachojivunia zaidi ya hicho. Akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja.

"Nani alichanganya hizi? Mimi nilifundishwa A inafuatwa na B."

"Ndivyo zilivyo, Kugo. Tafuta polepole."

Niligeuka nikatazama mvua mpaka aliposema amemaliza, niangalie kama iko sawa. Ikabidi nisome. Ilikuwa sawa, kila herufi mahali pake.

Nikabonyeza kutuma. Redio ikalia, Nairobi ikaitika, na safari hii kioo kikasema imekubaliwa. Barua mbili zilikuwa zinangoja, ripoti ya mwezi na yangu. Zikaondoka moja baada ya nyingine. Hazikupita dakika tano betri ikaisha.

"Umetuma nini?" Kugo akauliza.

"Ripoti ya mwezi."

"Na ya pili? Nimesikia imelia mara mbili."

"Ni oda ya dawa," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bila wewe hiki kilima ni kiziwi, Bot Chebet." Akachukua vidonge vyake, akajifunika gunia kichwani, akateremka nyumbani kwenye mvua.

Nilimdanganya. Miaka tisa sijataja jina lake kwa heshima, halafu leo nimemdanganya usoni, akiwa kwenye kiti changu.

Nilidhani ikienda nitafurahi. Imekwenda, kwa hiyo nafasi ni yangu, na hapa nimekaa nikiandika kwenye daftari kwa sababu sijui nitaingiaje ile nyumba. Programu ya redio huweka jina la kituo juu ya kila barua inayotoka. Barua yangu ya kuondoka imekwenda na jina lake juu. Ameliandika mwenyewe, kwa kidole chake, akidhani ananisaidia nifanye kazi ya hapa.

Na jibu likija litakuja kwa jina hilo hilo. Kila asubuhi saa nne opereta husoma kwa maiki orodha ya barua zilizoingia na bado hazijachukuliwa, kituo kwa kituo, ya nani na inahusu nini. Nilisahau hilo wiki nzima. Ile ya Ijumaa ilifika mchana nikaichukua siku ile ile, haikusomwa, lakini kesho kwa mawingu haya kompyuta haitawaka kabla ya saa nne. Kesho atataja jina la Kugo, kisha ataje chuo cha maabara, na vituo vyote vitasikia.

Nimepanga kumwambia asubuhi, baada ya kukamua, kikombe cha chai kikiwa mkononi mwake. Nimejaribu sentensi ya kwanza mara nne kwenye ukurasa wa nyuma, na mara nne nimeikata.

Ni saa kumi na moja sasa. Kutoka dirisha hili naona paa la nyumbani kwetu, na moshi unatoka jikoni. Watoto hawaruhusiwi kuwasha moto. Ni yeye. Mzee wa umri wake, ambaye sijawahi kumwona akiingia jikoni, ameniwashia moto kwa sababu anajua nimechoka.

Kesho ni ya opereta na watu wote. Jioni hii bado ni yangu na yake. Kwa nini ningoje maziwa yakamuliwe?

Nafunga daftari. Nateremka nimwambie moto ukiwa bado unawaka.