Siku Niliyomwitikia Zaitun

Mjukuu wangu Amina,

Hapa Mvara tu wazima. Babu yako amepona kikohozi. Umeniuliza kama niliwahi kuona wivu. Ndiyo, kwa dada yangu Zaitun. Redio ya jamii ya Koboko ilimchagua yeye asimulie hadithi zetu. Mimi nilimsindikiza tu. Kwetu msimulizi haendelei mpaka msikilizaji aitikie. Studioni wote walinyamaza, Zaitun akakwama. Nilijua sababu, nikafunga mdomo. Kiti kile cha msimulizi nilikitaka mimi.

Mtangazaji akanigeukia: "Dada, wewe unaweza kusimulia badala yake?"

"We Halima," Zaitun akaniambia, "leo iko bubu?"

Nikamwitikia "Eeh!" ya msikilizaji, kwa hasira, naye akaendelea, hadithi ikaenda mbio.

Hadi leo watu wanamsifu yeye, nami bado naumia. Ila redioni wakiirudia kanda ya siku ile, mimi huitikia tena, nikiwa jikoni.

Bibi yako,
Halima