Kipimo cha Mguu wa Waache

S.L.P. 31,
Maramba, Mkinga,
Tanga.
18 Februari 2025.

Mpendwa kaka Sele,

Shikamoo, na salamu za amani zikufikie huko Maskati. Je, kile kifua kimepoa? Wifi yangu Shadya na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila jua ni kali na mvua tumeisahau.

Barua hii anakuletea Bi Khadija wa Ngamiani, anayekuja kwa mwanawe. Ndani mna michoro ambayo lazima ifike kwa ukubwa wake halisi. Tena yapo maneno ambayo kwa simu yamenishinda.

Viatu ulivyomletea mbwa wetu Waache vilikuwa vizuri, soli imara na mkanda wa kubana. Nilikwambia duka limekudanganya kwa kukupa vikubwa, ukaenda ukagombana na mwenye duka. Kaka, duka halina kosa. Kosa ni langu.

Siku ile uliyotaka kipimo, Waache alikuwa ametoka kunywa maji, miguu imelowa chepechepe. Nami nilikuwa na udhu, adhuhuri imekaribia, na nikaona uvivu wa kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Nikapima alama aliyoiacha kwenye tope karibu na birika la mbuzi. Tope hutanua mguu, hilo hata mtoto analijua, lakini nikajifanya silijui.

Unayajua macho ya baba yalivyofifia. Malishoni yeye hufuata kengele ya Waache, na Waache ndiye anayewakusanya mbuzi. Sasa njia inapita shamba la mkonge lililofyekwa, visiki vimesimama kama misumari. Kiatu cha mbele kulia kilimvuka humo humo. Hakuacha kazi, aliwarudisha mbuzi wote huku anachuruzika damu.

Bwana mifugo wetu, Hosea, amemtibu. Anasema jeraha likipona, asirudi kule bila kiatu kinachomkaa sawasawa, la sivyo atapoteza mguu mzima. Tangu hapo baba anashinda barazani na mbuzi wanafungwa kamba. Naumia sana kumwona vile.

Leo asubuhi nilimweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliomba karatasi, akamsimamisha Waache juu yake, akamshika mguu kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, chora," akaniambia. "Najisi huoshwa, mwanangu."

Kisha akaosha mikono mara saba, akaenda kuswali.

Safari hii chagua soli inayopinda, maana ile ngumu ilimfanya atembee kama amevaa makubadhi ya mtu. Mkanda uwe mpana, ukae juu ya kifundo. Miguu ya nyuma ni myembamba kuliko ya mbele, kwa hiyo nimeichora yote minne. Na tafadhali, nenda kwa yule mwenye duka umwombe radhi kwa niaba yangu.

Nisalimie wifi, Ayubu na Mwanakhamis. Baba anakuombea dua kila swala.

Neno moja kabla sijafunga. Katika mchoro wa mguu wa mbele wa kulia utaona upande mmoja umeingia ndani. Usidhani nimekosea tena. Hapo ndipo kilipokuwa kidole ambacho Hosea alilazimika kukikata.

Mungu akuhifadhi ugenini, na anisamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Mwatumu