Kasuku Wasiopenda Ubani

Kiwanjani, Isiolo

Kwako Mama mpendwa,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti limepoa. Je, mvua imefika Sericho? Ngamia wa Baba wanapata maji karibu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama, nina furaha hata naona haya kuiandika. Jamal akirudi kutoka dukani hupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, eti anataka nimfungulie ndipo anione!

Mwezi wa kwanza wa ndoa aliniletea kasuku wadogo wawili, kila mmoja anaenea kiganjani, mmoja kijani, mwingine buluu. "Nikienda kazini usibaki peke yako," akasema. Mama, nililia. Nawapa mtama, sukuma wiki kidogo, na maji safi kila asubuhi. Alasiri nafunga madirisha nawafungulia tundu, waruke chumbani. Yule wa kijani hutua begani mwangu akanong'ona kama anayesoma dua.

Basi juzijuzi akanyamaza. Alijikunyata sakafuni mwa tundu, manyoya yamefura, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Jamal alikuwa safarini Moyale kuleta bidhaa. Nikaogopa: zawadi ya mume wangu inafia mikononi mwangu! Nikambeba ndani ya katoni hadi kwa mzee anayeuza dawa za mifugo.

"Watu huniletea ngamia," akacheka, "wewe binti umeniletea kidole chenye mabawa!" Akamnusa. "Mbona ananukia kama bibi harusi?"

"Bibi harusi ni mimi, mzee."

"Ala! Unafukiza nini ndani?"

Nikamweleza: ubani kila jioni, nguo za Jamal juu ya udi, na chombo cha maziwa ulichonifumia, nakitia moshi wa kijiti cha moto kama ulivyonifunza. Yote katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

"Pafu lake ni dogo kuliko kunde," akasema. "Moshi unaokupendeza wewe unamnyonga yeye. Sina dawa. Mpe joto na hewa safi, umngoje."

Nikangoja siku mbili. Siku ya Jamal kurudi nikashika chetezo cha ubani, nikakiweka, nikakishika tena. Mume anatoka safari, nyumba haina harufu? Wewe na Nyanya mngenionaje? Nikamtazama ndege anavyohema, nikakirudisha chetezo kabatini.

Jamal akasimama mlangoni, akanusa. "Mke wangu, umenikasirikia?"

Nikamwambia yote, machozi yakinitoka. Naye akainama, akacheka. "Halima, moshi ule unaniwasha macho tangu siku ya harusi. Niliogopa utasema sikupendi!"

Mama, usihuzunike. Chombo chako sasa nakifukizia uani, na maziwa yana ladha ileile.

Nisalimie Baba, na Nyanya umbusu mkono. Kaka yangu mkubwa, anayecheka eti nafuga wanyama wasiokamulika, mwambie salamu zake nimempa yule kasuku wa buluu, mke wa huyu wa kijani. Na huyo wa kijani leo asubuhi amepanda tena kijiti cha juu cha tundu, nami naandika huku nikisikia punje za mtama zikipasuka mdomoni mwake.

Ni mimi binti yako,
Halima, mke wa Jamal (napenda mno kuiandika hivyo!)