Mtaa Wetu Umepiga Kura Bila Juma

Baba Juma, mume wangu,

Tangu tukuzike, huu ndio uchaguzi wa kwanza, na nimeenda peke yangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukifunga garaji siku ya kura? Ulivaa kanzu, tukampitia mdogo wako Saidi, tukapanga mstari na mafundi, walimu na wauza samaki wa hapa mtaani kwetu Buyenzi. Ukoo mzima ulichagua chama kimoja bila kuulizana. Ulisema sisi ni wamoja kwa sababu shida zetu ni zile zile.

Sasa si zile zile. Saidi ameingia kwa wakubwa wa chama, amejenga Kiriri, kule mlimani kwa matajiri. Petroli ilipoadimika, magari yake hayakulala. Huku chini garaji yako ilijaa magari makavu, mafundi wakashinda wakicheza karata. Wa juu wanachagua chama ili wabaki juu. Wa chini wanakichagua hicho hicho kwa kuogopa kunyimwa hata kidogo walichobakiza.

Juma wetu alichoka. Aliwaambia mafundi wenzake wasichague kwa ukoo tena, wachague kwa hali zao. Maneno yakafika mlimani. Vijana wa chama walianza kuja kumuulizia, wala hawakusema wanamtakia nini. Mtoto akavuka mpaka pale Gatumba kwenda Uvira na mfuko wa spana. Simu yake haipatikani.

Baada ya matokeo, Saidi alikuja na mchele. Nilimpikia, akala kwenye kiti chako. Nilimwomba aseme neno Juma arudi, maana yeye anasikilizwa. Alinawa mikono polepole.

"Shemeji, mi nilimuonya," akasema. "Ule mutoto alichagua kusimama na maskini."

"Na sisi ni nani, Saidi?"

Alitazama saa yake, akaaga.

Buyenzi yote imekipa chama ushindi, Baba Juma, na mafundi wa Juma wamo. Mmoja alikuja kunieleza, akashindwa kuniangalia usoni. Ana watoto, sikumlaumu. Jana Saidi aliwapelekea petroli na kazi imerudi garajini. Tangu asubuhi nasikia nyundo na vicheko vyao. Nimefunga dirisha.

Mungu akurehemu. Nikipata habari za mtoto, nitakuja kaburini kukwambia, hata zikiwa mbaya.

Mkeo,
Mama Juma