Kaka Amemkana Bibi Kwenye Uwanja wa Ndege wa Vita

Shoga, acha unachofanya usome. Kaka yangu amemkana Bibi. Hadharani, mchana kweupe!

Unaujua ule uwanja wa ndege wa wakati wa vita, zege lililopasuka katikati ya mashamba? Kaka amepata kazi ya kutembeza wageni pale. Bibi akavaa gauni lake jipya, nikampeleka kumsikiliza mjukuu wake.

Kaka akawaambia wageni, "Wanajeshi walipofika, hapa palikuwa pori tupu. Hapakuwa na mtu."

Pori tupu! Na anajua fika Bibi alikuwa na miaka sita yeye na ndugu zake walipofukuzwa hapo, kaburi la mama yake likamwagiwa zege.

Bibi akajikongoja mpaka mbele. "Mwanangu, hapo unapokanyaga amelala mama yangu."

Mgeni mmoja akavua kofia. Bosi wa kaka akamgeukia, "Unamfahamu huyu?"

Kaka akajibu, "Ni jirani tu. Uzee umemchanganya akili."

Jirani tu! Aliyemlea tangu anatambaa!

Bibi akamtazama, akaona jasho linavyomtiririka. Halafu akawageukia wageni akatabasamu. "Kweli, nisameheni. Siku hizi nachanganya mambo."

Njiani tukirudi nilimwambia Bibi kwamba kaka lazima aitwe kwenye kikao cha ukoo. Bibi akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usimwambie mtu. Kaka yako ana watoto wa kulisha."

Ndipo akaanza kulia, shoga. Mpaka sasa hajanyamaza.